Injini ikilia "tik-tik" chini ya mzigo: somo kwa wenye bodaboda wa Majoreni

Mwenye bodaboda wa Majoreni hachagui mzigo. Asubuhi ni magunia ya nazi, mchana ni mihogo na abiria, na usiku wa manane huenda simu ikaita: mama ameshikwa na uchungu, apelekwe hospitali ya Msambweni. Pikipiki ikizima njiani usiku kama huo, hasara si ya nauli peke yake. Ndiyo maana somo la toleo hili ni la masikio. Ule mlio mdogo wa "tik-tik-tik" unaosikika injini inapovuta mzigo unatokana na nini?

Wengi wetu humwambia fundi "injini inagonga", naye huanza kufungua. Subiri kwanza. Kabla spana haijaguswa, jiulize mlio unasikika lini: asubuhi injini ikiwa baridi, wakati wote, au pale tu unapopanda mlima na mzigo? Jibu hilo huokoa pesa nyingi.

Anza na oili, kwa kuwa ni rahisi. Simamisha pikipiki wima mahali tambarare na uangalie kiwango kama kitabu chake kinavyoelekeza. Oili ikipungua au ikiwa nyepesi kama maji, sehemu za juu za injini hukaukiwa na kuanza kulia. Kama oili iko sawa, endelea.

Mlio unaosikika hata pikipiki imesimama ikinguruma polepole, na unaoongezeka kasi kadiri unavyovuta mafuta, mara nyingi ni tapeti. Pikipiki nyingi za huku zina injini ya mapigo manne yenye silinda moja. Kila valvu hufunguka mara moja katika mizunguko miwili ya kranki. Kwa hiyo injini ikizunguka mara 1,400 kwa dakika, kila valvu husukumwa mara 700. Nafasi kati ya tapeti na valvu ikizidi, kila msukumo hutoa mlio. Kwa injini nyingi za cc 100 hadi 150 nafasi hiyo ni kati ya milimita 0.05 na 0.10, na valvu ya eksozi kwa kawaida huachiwa zaidi. Kipimo halisi kimo kwenye kitabu cha pikipiki yako. Hupimwa injini ikiwa baridi kabisa, pistoni ikiwa juu na valvu zote mbili zimefungwa, kwa vile vibati vyembamba ambavyo mafundi huviita fila. Fundi anayekaza kwa kukisia kidole, mwambie asubiri.

Hapa pana kosa ambalo limeharibu injini nyingi. Mwenye pikipiki hudai tapeti zikazwe mpaka injini inyamaze kabisa, naye fundi hukubali ili mteja aridhike. Chuma kikipata moto hutanuka, nafasi huisha, na valvu haifungi tena barabara. Valvu ya eksozi hupoza joto lake kwa kugusa kiti chake. Isipokigusa huungua, na injini hupoteza nguvu. Mlio mdogo wa tapeti si ugonjwa. Tapeti iliyokazwa kupita kiasi huua kimyakimya.

Sasa tuje kwenye mlio wa mzigo wenyewe. Kama pikipiki iko kimya ikisimama, lakini ukipanda mlima kwa gia kubwa na mzigo nyuma unasikia kama punje za mahindi zikirushwa kwenye bati, usihangaike na tapeti. Huenda petroli inajiwakia vibaya ndani ya silinda. Fanya jaribio hili: rudi gia moja chini na upunguze kuvuta mafuta. Mlio ukitoweka, umepata dalili nzuri. Sababu zake ni pamoja na petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, masizi yaliyojaa juu ya pistoni, injini kupata moto kupita kiasi, au mpira wa kabureta uliopasuka ukaingiza hewa zaidi. Mwaka 2018 serikali ya taifa iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, kusudi uchanganyaji usilipe. Hata hivyo, petroli ya chupa kando ya njia hujui imetoka wapi. Maliza iliyomo, jaza kwenye kituo unachokiamini, kisha sikiliza tena kabla ya kununua kifaa chochote.

Mlio mwingine unaodanganya ni wa eksozi. Chumvi ya bahari hula nati zake, gasketi hulegea, na moshi hutoka kwa mlio mkali unaofanana sana na tapeti, ambao huzidi ukivuta mzigo. Injini ikiwa baridi tazama pale bomba linapoungana na silinda: alama nyeusi ya masizi ni ushahidi. Au paka maji ya sabuni, washa, uone mapovu. Usiweke mkono.

Cheni ya nyuma iliyolegea na boliti za kushikilia injini nazo hulia, kwa hiyo zikague mapema. Kuhusu sauti nzito ya "ngo, ngo" kutoka chini ya injini, inayoongezeka unapovuta mzigo, hapo hakuna jaribio la kufanya. Huenda ni beringi ya konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na kranki. Zima, mshushe abiria, mwitie mwenzako wa stendi ampeleke, na pikipiki isukumwe au ibebwe hadi kwa fundi. Ukiilazimisha ifike, konrodi inaweza kukatika na kutoboa bloku.