Kuhama kwetu na barua ya Yeremia

Somo la robo hii tunaomba lisomwe Biblia ikiwa wazi. Kama mko kwenye kikundi, mmoja asome kwa sauti Yeremia sura ya 28, kisha sura ya 29 aya ya 1 hadi 14, na mwisho sura ya 32 aya ya 6 hadi 15. Ni sehemu ndefu kidogo, tunajua. Lakini wengi tumezoea kuchukua aya ya 11 ya sura ya 29 peke yake, tukaiandika kwenye kadi za harusi na kwenye vioo vya daladala, tukaacha jambo lililosababisha barua hiyo iandikwe. Jambo lenyewe lilikuwa ni kuhamishwa. Watu wa Yerusalemu walikuwa wametolewa kwao pamoja na mfalme Yekonia, wakapelekwa Babeli, na sasa walitaka kujua kama wafungue mizigo au waiache imefungwa.

Hilo ni swali ambalo Dodoma tunalielewa vizuri. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika wilaya ya mjini. Sensa ya mwaka 2022 ikakuta watu 765,179. Miaka kumi tu! Wapo watumishi waliopewa barua za uhamisho kutoka Dar es Salaam, wakaacha familia huko wakingoja mwaka wa shule uishe. Wapo mafundi, mama lishe, madereva wa bodaboda na vijana waliomaliza Chuo Kikuu cha Dodoma wakaamua kubaki. Wengi ni wapangaji, na mpangaji anazijua hesabu zake: kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wakati mwingine ya mwaka mzima, pesa ya dalali, ambayo kwa kawaida ni sawa na kodi ya mwezi mmoja, kirikuu cha kubebea vitu, pazia ambazo haziingii kwenye madirisha mapya. Kodi ikiisha, mwenye nyumba anapandisha bei, au anasema kijana wake anaoa na chumba kinahitajika. Familia inatoka Chang'ombe kwenda Nkuhungu, Nkuhungu kwenda Nzuguni, na kila safari barabara ya lami inazidi kuwa mbali.

Tumetembelea nyumba ambazo maboksi yamepangwa ukutani miezi minane baada ya kuhamia. Mama mwenye nyumba anasema, "Nifungue ya nini? Tutahama tena." Tunaomba wasomaji wasicheke. Mtu anayesema hivyo huwa ameacha mengi zaidi ya maboksi. Ameacha kujuana na majirani. Kanisa la zamani liko daladala mbili kutoka alipo, na kanisa la karibu hawamjui, kwa hiyo Jumapili anapumzika nyumbani. Hajajiunga na kikundi cha kuweka na kukopa kwa sababu hakuna wa kumdhamini. Usiku halali, mchana anagombana na watoto. Ukimuuliza habari za mkutano wa mtaa, anakujibu kwamba siasa ni za wenyewe.

Kabla ya kumpa jibu la haraka tutazame tulikotoka, maana katika nyanda hizi za kati kuhama kwa amri kulianza zamani.

Wagogo walikuwa wakihama tangu hapo. Mvua ya huku ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na inapokosekana mifugo haingoji kikao. Familia iliacha tembe yake, ikajenga nyingine kwenye malisho. Lakini uamuzi ulikuwa wa kaya na wazee wake. Mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya ujamaa vijijini, alisisitiza kwamba watu waingie kwenye vijiji hivyo kwa hiari. Kufikia mwaka 1971 Operesheni Dodoma ilikuwa imeanza, na Mwalimu mwenyewe alikaa Chamwino akifyatua matofali pamoja na wananchi. Kisha Novemba 1973 ikatangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri, na kwamba hadi mwisho wa mwaka 1976 kila mtu awe amehamia. Wazee watakueleza pande zote mbili. Shule na zahanati zilisogea karibu, na watoto wengi walisoma ambao wasingesoma. Pia kuna mahali ambapo nyumba za zamani zilibomolewa au kuchomwa moto ili watu wasirudi, na mashamba yakabaki mbali na vijiji vipya. Hiari ikawa amri ndani ya miaka sita, na waliohamishwa hawajalisahau hilo.

Mwaka huohuo wa 1973 ilitolewa ahadi nyingine. TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na kazi hiyo ikapangiwa miaka kumi. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile tuliyozoea kuiita CDA, ikaundwa. Mwaka 1983 ukafika, ukapita. Katikati hapo kulikuwa na vita vya Uganda na hali ngumu ya uchumi. Bunge likahamia mwaka 1996. Wizara zikabaki pwani. Julai 2016 Rais Magufuli akatangaza kwamba sasa serikali inahama. Waziri Mkuu akahamia Septemba mwaka huo. CDA ikavunjwa Mei 2017. Dodoma ikawa jiji Aprili 2018. Mji wa Serikali wa Mtumba ukafunguliwa Aprili 2019, na Oktoba 2019 Rais naye akahamia. Miaka kumi iliyotajwa mwanzoni ilikuwa imegeuka arobaini na sita.

Sasa turudi kwenye sura ya 28. Nabii Hanania alisimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote akatangaza kwamba katika muda wa miaka miwili kila kitu kitarudi: vyombo, mfalme, mateka. Angalia alivyojibu Yeremia. Alisema Amina. Alitamani iwe hivyo, hakujifanya mjuzi wa kucheka matumaini ya watu. Lakini aliongeza kwamba nabii wa amani hujulikana neno lake likitimia. Na katika barua yake kwa walioko Babeli akataja miaka sabini. Mtu mzima aliyesikia barua ile alipiga hesabu akaelewa kwamba yeye hatarudi. Pengine mjukuu wake. Ni katika hali hiyo, wala si katika raha, walipoambiwa wajenge nyumba na kukaa humo, wapande bustani na kula matunda yake, waoze watoto wao, wautafute ustawi wa mji waliopelekwa na kuuombea.

Hatusemi kwamba viongozi wetu ni akina Hanania. Makao makuu yamehamia kweli. Tunachosema ni kwamba kuishi kwa tarehe za wakubwa kunamchosha mtu, awe anaziamini au amekasirika nazo. Wako watu wa Dodoma ambao miaka yote ile hawakungoja tarehe. Mashamba ya zabibu ya Hombolo, Mpunguzi na Mvumi yalilimwa na watu ambao wizara haikuwa imehamia kwao, na mzabibu hauzai siku ya kupandwa. Wanaouza zabibu hizo barabarani leo kwa wasafiri hawajui sana ni rais gani alitangaza nini mwaka gani. (Warekabi wa Yeremia 35 wangekataa zabibu hizo pamoja na nyumba, maana walishika agizo la baba yao la kuishi hemani. Mungu aliwasifu. Kwa hiyo kukaa hemani nako si dhambi. Tusimhukumu anayepanga maisha yake yote.)

Hapa lazima tuweke angalizo, na tunaliwekea uzito. Barua ya Yeremia iliandikwa kwa wageni mjini. Dodoma kuna watu wa aina nyingine: mzee wa Ihumwa, Nzuguni au Iyumbu hakuhamia mjini, mji ndio uliomhamia. Alilima mtama na uwele mahali ambapo leo pamepigwa mawe ya viwanja. Mtu wa namna hii akilalamika kuhusu fidia, si haki mchungaji au shehe kumtuliza kwa kumwambia apande bustani. Habari inayomhusu ni ile ya Nabothi na shamba lake la mizabibu katika 1 Wafalme 21, na ile ya Yeremia 22, ambapo nabii anamwambia mfalme aliyejenga jumba kubwa kwamba ole wake ajengaye pasipo haki. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe mapema. Kudai hilo si uasi, na kanisa linaloombea mji linapaswa kukaa na mzee huyo anapojaza fomu zake.

Yeremia mwenyewe alijali karatasi. Katika sura ya 32 yumo kizuizini na jeshi la Babeli limeuzunguka mji, bei ya ardhi bila shaka imeanguka hadi chini, naye ananunua shamba la binamu yake Hanameli huko Anathothi kwa shekeli kumi na saba za fedha. Anapima fedha kwenye mizani, anaita mashahidi, anaandikisha hati mbili, moja imetiwa muhuri na nyingine iko wazi, kisha anamwambia Baruku aziweke katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Sisi tunaona hapa ndipo imani ilipo hasa, kuliko kwenye mahubiri mengi tuliyosikia juu ya imani. Mpangaji, dai mkataba wa maandishi na risiti ya kodi, hata kama mwenye nyumba ni mshirika mwenzako. Mnunuzi wa kiwanja, usiishie kwa dalali na mjumbe. Nenda ofisi ya ardhi ya jiji uulize kiwanja hicho ni cha nani na kama kimepimwa. Wenye hati za CDA wanakumbuka zilikuwa za miaka 33, na baada ya mwaka 2017 ikaagizwa zibadilishwe kuwa za miaka 99. Aliyekuwa na karatasi zake alikuwa na kitu cha kubadilisha. Akina baba, jina la mama liwemo kwenye hati. Nakala ikae mahali pawili, kama ya Baruku. Mgogoro ukitokea lipo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko wanauliza maandishi kabla ya machozi.

Kuhusu msongo wa mawazo tutasema machache. Fungua maboksi, angalau la vyombo na la picha. Panda mchicha kwenye ndoo iliyotoboka. Chukua barua ya utambulisho kutoka usharika wa zamani uipeleke kwenye usharika wa karibu wiki ya kwanza, usingoje kuzoea. Msalimie jirani, mara nyingi anayekuonyesha bomba lenye maji na duka lenye bei nzuri ni Mwislamu, na Yeremia alisema kuuombea mji, hakusema kuwaombea waumini wa kwetu tu. Na usingizi ukipotea kwa wiki nyingi, au mtu akianza kusema heri afe, maombi yaende pamoja na daktari. Jina la Mirembe limefanywa mzaha nchi nzima, hata watoto wanataniana nalo. Ni hospitali. Watu wanatibiwa pale na kurudi kazini.

Limebaki la siasa. Uchaguzi wa Oktoba 2025, ulioambatana na maandamano, vifo na intaneti kuzimwa, umewaacha wasomaji wetu wengi na majonzi, na wengine wameamua kutosikiliza tena neno lolote la kiongozi. Tunawaelewa. Yeremia aliwahudumia wafalme kadhaa na karibu wote walimvunja moyo, mmoja akalikata gombo lake kwa kisu na kulitupa motoni. Hakurudi kuwasifu. Wala hakuacha kuulizia habari za mjane na mgeni katika mji ule. Neno analotumia kwa amani ya mji ni pana kuliko ukimya: lina afya, chakula, haki na usalama ndani yake. Basi mtu aliyechoshwa na mambo makubwa bado anaweza kwenda kwenye mkutano wa mtaa akauliza pesa za kisima zimeishia wapi, na akakaa mpaka ajibiwe.

Kwa vikundi, tunapendekeza mjadili haya kabla ya toleo lijalo. Katika kikundi chenu ni nani amehamia ndani ya miaka miwili, na nani amemtembelea? Ni ahadi gani ya kiongozi mlipangia maisha yenu, na mngefanya nini kama mngejua itachukua miaka arobaini? Katika eneo lenu kuna nani aliyehamiwa na mji bila kulipwa, na karatasi zake ziko wapi?