Umepewa Barua? Anza Kuhesabu Siku



Wadogo zangu, wiki hizi mbili mmeniandikia sana kuhusu kazi. Barua moja imeninyima usingizi. Imetoka kwa mdogo wangu wa Mafinga, anafanya kazi kwenye kiwanda cha plaiwudi. Ijumaa jioni, watu wanavua maovaroli waende nyumbani, wakaitwa ofisini mmoja mmoja na kukabidhiwa barua: kampuni inapunguza wafanyakazi, Jumatatu usije. Miaka minane imeishia kwenye aya mbili na mhuri. Halafu ananiuliza, "Dada, nikienda kushtaki si nitaonekana mkorofi? Mafinga ni mji mdogo."

Mdogo wangu, hofu hiyo naijua kwa jina. Mwaka 2012 niliachishwa kazi kwenye kampuni moja ya Mbeya, kwa maneno ya mdomo tu, mbele ya wateja. Sikuitwa kwenye kikao wala sikuulizwa lolote. Nikapanda gari kwenda Tukuyu kwa mama, nikalia. Wazee wetu wawili wakajitolea kwenda kuzungumza na bosi kwa heshima, kama tulivyozoea kwetu. Akawapokea vizuri, akawapa chai, akasema njooni wiki ijayo. Wakaenda. Akasema tena wiki ijayo. Nilipofika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, ilikuwa siku ya 41. Dada aliyenipokea alitazama tarehe kabla hajatazama uso wangu.

Shauri la kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa CMA ndani ya siku 30. Madai mengine ya kazi, kama mishahara ambayo hukulipwa, yana siku 60. Ukichelewa unaweza kuomba kuongezewa muda, lakini lazima ueleze sababu ya kila siku iliyopita, na kusema "nilikuwa nazungumza na bosi" mara nyingi hakutoshi. Kwangu hakukutosha. Ndiyo maana nawaambia: wazee waende wakaongee, ni jambo jema, ila wewe siku hiyohiyo uwe CMA unajaza fomu namba moja. Ofisi ipo Mbeya, ipo Iringa. Hulipi ada kufungua shauri. Unaweza kusimama mwenyewe, au ukasimamiwa na chama chako, kama TPAWU kwa watu wa mashamba ya chai au TUICO kwa watu wa viwandani. Na kazi ya kwanza pale ni kusuluhisha, yaani mnakaa mezani wewe na mwajiri, msuluhishi katikati. Huo ukorofi uko wapi?

Sasa turudi kwenye kupunguzwa, maana hapa ndipo wengi wanapodanganywa. Watu wanaamini kampuni ikisema "hali ya biashara ni mbaya" basi mjadala umefungwa. Haujafungwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakubali kwamba mwajiri anaweza kupunguza watu kwa sababu za kiuchumi, za kiteknolojia au za mabadiliko ya muundo. Mashine ya kuchuma chai ikiingia shambani Mufindi, hiyo ni sababu inayotambulika. Lakini sababu peke yake haitoshi, utaratibu nao unapimwa. Tangu anapoanza kufikiria kupunguza, mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya kusudio hilo, atoe maelezo yote yanayohusika, kisha ajadiliane na chama cha wafanyakazi au, pasipo na chama, na wafanyakazi wenyewe. Wanajadili kwa nini watu wapunguzwe, njia gani zingeweza kuepusha au kupunguza idadi, nani aondoke na kwa kigezo gani, lini, na kwa malipo yapi. Wasipoafikiana, suala linakwenda kwenye usuluhishi.

Yote hayo huja kabla ya barua, wadogo zangu. Barua ya Ijumaa jioni isiyotanguliwa na kikao chochote ina tatizo, hata kama kampuni kweli imefilisika. Na kuna kigezo kinachofahamika, cha aliyeingia mwisho kutoka kwanza, huku ujuzi muhimu ukizingatiwa. Ukiona waliobaki ni wapya wa mwezi jana wanaofanya kazi ileile uliyokuwa unafanya wewe, liandike hilo, na tarehe. Mbele ya CMA, mwenye mzigo wa kuthibitisha kwamba kuachishwa kulikuwa halali ni mwajiri. Wewe unaonyesha kwamba uliachishwa, yeye ndiye anayeeleza sababu na utaratibu alioufuata. Nilipolijua hilo, kwa kuchelewa, niliumia upya.

Pesa. Kiinua mgongo kwa aliyefanya kazi mfululizo angalau miezi 12 ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Tuhesabu kwa mdogo wangu wa Mafinga. Mshahara wake wa msingi ni shilingi 390,000 kwa mwezi, anafanya kazi siku sita kwa wiki. Gawanya kwa 26, unapata 15,000 kwa siku. Siku saba ni 105,000. Mara miaka minane, 840,000. Hapo bado hatujaweka mshahara wa siku alizofanya kazi, likizo ambayo hakuichukua, na notisi, ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi haipungui siku 28, au alipwe badala yake. Apewe na cheti cha utumishi. Halafu aende NSSF akaangalie kama michango yake ilipelekwa kweli, asitegemee makato aliyoyaona kwenye karatasi ya mshahara.

Nauli ndiyo inayosahaulika kuliko vyote. Kama uliajiriwa Kyela ukapelekwa kufanya kazi Mafinga, mwajiri anakurudisha ulikoajiriwa, wewe na mizigo yako, au anakulipa gharama hiyo. Akichelewesha, kuna posho ya kujikimu ya kila siku tangu ajira ilipokoma hadi siku ya kusafirishwa. Nimeona akina mama wanauza kitanda na kabati Mafinga kwa bei ya kutupa ili wapate nauli ya kurudi kwao, na nauli hiyo ilikuwa haki yao.

Kuhusu kusaini: kupokea kiinua mgongo hakukuondolei haki nyingine unazodai. Lakini soma karatasi. Kama ni ya kupokea barua, andika "nimepokea" na tarehe pembeni ya sahihi yako. Kama inasema umekubaliana na yote na huna dai lolote, usisaini hapo mezani, omba nakala ukaisome nyumbani. Na mwajiri akikwambia uandike mwenyewe barua ya kuacha kazi "ili usichafue jina", kataa. Ukiiandika, umemwondolea ule mzigo wa kuthibitisha na umeubeba wewe.

Mdogo wangu wa Mwanjelwa, wewe hukupunguzwa, umetuhumiwa kwamba hesabu za duka hazikukaa sawa. Hiyo ni njia nyingine. Unapaswa kuandikiwa tuhuma, upewe angalau saa 48 kujiandaa, uende kwenye kikao na mwenzako wa kazini au mtu wa chama, usikilizwe, kisha upewe uamuzi wenye sababu. Umesema uko dukani mwaka wa pili, kwa hiyo kinga hii inakuhusu. Aliye chini ya miezi sita kwa mwajiri wake haimfikii.

Na wewe wa kiwanda cha mbao, uliyeniandikia "mimi ni kibarua tu, dada". Hilo neno tu liache. Unaingia saa moja asubuhi, msimamizi ndiye anayekupangia kazi, vifaa ni vya kiwanda, umelipwa kila Jumamosi kwa miaka mitatu. Sheria ya Taasisi za Kazi inatazama mambo kama hayo. Hata kufanya kazi kwa mtu wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu ya mwisho kunatosha kukuhesabu kuwa mwajiriwa, mpaka yeye athibitishe vinginevyo. Kibarua ni jina walilokupa kwenye daftari. Tafuta picha za daftari hilo, ujumbe wa malipo kwenye simu, na wenzako wawili walio tayari kusema.

Walimu na watumishi wengine wa serikali mlioniuliza, njia yenu ni nyingine, tutaizungumza peke yake.

Mdogo wangu wa Mafinga, sikungoja gazeti litoke, nimeshakupigia. Siku ulipoisoma barua ile na siku tulipoongea zilipishana siku 19. Ulikuwa na 11. Umeniambia Jumatatu unapanda gari la kwanza kwenda Iringa na wenzako wanne, barua zenu zote kwenye bahasha moja. Chukueni na karatasi za mshahara. Mkitoka pale nipigieni, hata usiku.