KAZI YA MIKONO: VERNI YA UKULELE



Wengi wenu walituuliza sababu gani ukulele yetu ya kwanza ilinyamaza. Leo tunajibu, kusudi mwengine asipoteze kazi yake kama sisi.

Ukulele ni gitare ndogo ya nyuzi 4. Ilizaliwa Hawaii, kisha mafundi wa mbao toka kisiwa cha Madeira kufika kule mwaka wa 1879 na gitare zao ndogo. Yetu tuliitengeneza na mbao za sanduku la zamani. Tulipoona mbao iko kavu, tuliipakaa mawese. Ilingaa siku mbili. Kisha vumbi ikashikamana nayo, mikono ikachafuka. Tukataka kuficha uchafu ule chini ya verni nzito, mara tano. Verni haikukauka vizuri, na sauti ikakufa kabisa.

Kosa lilikuwa wapi? Mawese haikauki. Mafuta ya lini yanashika oksijeni ya hewa na kugeuka ngozi ngumu, lakini mawese si ya jamii ile. Tena, uso wa ukulele unapashwa kutetemeka sawa ngozi ya ngoma; verni nzito ni mzigo juu yake. Kazi ya verni ni kuzuia jasho na unyevu, si kuficha makosa ya fundi.

Basi fanyeni hivi:

1. Sugua mbao na msasa namba 120, kisha 180, mwisho 220, kwa kufuata urefu wa mbao. Futa vumbi yote.

2. Funika na karatasi ya kunata pahali pa kubandika kidaraja, maana kole haishiki vizuri juu ya verni. Funika pia ubao wa shingo, pale vidole vinapokanyaga.

3. Tia gramu 25 za gomulaki ndani ya desilita 2 za alkoli ya digrii 95. Gomulaki ni vipande vyembamba sawa magamba ya samaki. Inatoka kwa mdudu mdogo wa Uhindi na Thailand. Funga chupa, acha usiku mzima, kisha chuja. Madirisha yawe wazi, na moto uwe mbali: alkoli inawaka upesi sana.

4. Jaribu kwanza juu ya kipande cha mbao. Kama kesho yake inanata bado, imezeeka, usiitumie.

5. Pakaa nyembamba na kitambaa cha pamba, bila kurudia-rudia. Ngoja saa mbili, pakaa tena. Kisha mara tatu, sugua polepole na msasa namba 400, halafu pakaa mara tatu ingine. Ndani ya sanduku usipakae.

6. Siku ya mvua, acha kazi. Unyevu unaifanya gomulaki kuwa nyeupe sawa maziwa.

7. Ngoja juma moja mbele ya kufunga nyuzi.

Ukulele yetu ya pili tuliifanya vile. Haingai sawa viatu vya siku ya Yenga, lakini inasikika mpaka nyuma ya darasa. Ile ya kwanza tumeitundika ukutani. Nayo ni mwalimu.

Maulizo:
a) Sababu gani mawese haifai?
b) Sababu gani verni inapashwa kuwa nyembamba?
c) Alkoli iko na hatari gani?