Somo: Mlango Umefungwa, Nyumba Yaendelea Kusimulia



Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia nchini, Fort Jesus ilifunga mlango wake. Mei mwaka huohuo Mji wa Kale wenyewe ukawekewa kizuizi, watu wasiingie wala wasitoke. Mtoto wa Bondeni aliyezoea kwenda Ngomeni kwa miguu hakuweza tena kupanda kwenye buruji la San Felipe, ilipo Nyumba ya Waomani iliyojengwa mwishoni mwa karne ya 18.

Milango ilifunguliwa baadaye, lakini funzo lilibaki. Nyumba ya kale yaweza kufungwa wakati wowote, kwa maradhi, kwa ukarabati, au kwa kuwa wenyewe wamehama. Kuta zitangoja. Bibi anayejua nani alizaliwa chumba gani, na nani alipanda ule mwasumini wa uani, huenda asingoje. Kwa hiyo wakati mlango umefungwa ndio wakati wa kukusanya habari za nyumba na kuzigawa.

Kwa nini ni kazi yetu

Fort Jesus ilijengwa kati ya 1593 na 1596, ikawa gereza hadi 1958, na mwaka 2011 UNESCO ikaiweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Habari zake zimeandikwa sana. Nyumba zetu za mitaani hazijapata bahati hiyo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa serikali ya taifa majengo ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa, na kaunti zikapewa shughuli za utamaduni, makumbusho na maktaba. Hata hivyo hakuna ofisi inayoweza kujua yaliyotokea ukumbini kwenu msipoyasema.

Kisha kuna jambo letu la Mombasa: nyumba bila ardhi. Nyumba ni ya mtu mmoja, kiwanja ni cha mwingine. Mwenye kiwanja akitaka kujenga ghorofa, nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati na ua nyuma huvunjwa kwa siku chache. Kama haikuandikwa, imekwisha.

Hatua ya kwanza: isome nyumba ukiwa nje

Anza na baraza, kisha daka, yaani kile kipenu cha kuingilia chenye viti vya mawe ubavuni. Mgeni asiyehusika na ndani alipokewa hapo. Tazama mlango: baadhi ya milango ya nakshi ina mwaka uliochongwa juu. Kumbuka kwamba mara nyingi ni mwaka wa Hijria. Ukisoma 1300, zidisha kwa 0.97 upate 1261, kisha ongeza 622. Jibu ni 1883, na kwa hakika mwaka 1300 wa Hijria ulianza Novemba 1882. Hesabu hii hukupa mwaka kwa kukaribia tu, nayo inatosha kuanzia.

Hatua ya pili: uliza ya ndani kwa simu

Mpigie mzee aliyewahi kuishi humo. Msalimu vizuri na umwombe ruhusa kabla ya kurekodi. Usimwambie tu “nieleze historia”, kwa maana atashindwa pa kuanzia. Mtembeze chumba kwa chumba:

1. Ukiingia mlangoni, mkono wa kulia palikuwa na nini?
2. Nani alilala chumba kipi, na kwa nini hicho?
3. Maji yalitoka wapi, kisimani au kwa mchukuzi?
4. Arusi ya mwisho ilifanyika lini, na wanawake walikaa wapi?
5. Vyumba vilikuwa na upana wa hatua ngapi?

Swali la tano si la mchezo. Katika nyumba za mawe, dari ilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba vingi vya kale ni virefu na vyembamba, upana wake ukiwa kama mita tatu au pungufu. Mzee akikwambia chumba kimoja kilikuwa kipana zaidi, uliza kilijengwa lini. Yamkini kiliongezwa baadaye.

Hatua ya tatu: bustani haina kufuli

Ua wa nyumba ya Kiswahili ulikuwa na bustani yake, hata ikiwa ni mitungi mitatu tu. Asumini, mrehani na mkadi vilikuwa vya kikuba. Mkomamanga na mstafeli vya watoto. Mimea hii huweza kutoka nje hata nyumba ikiwa imefungwa. Masika yakikaribia, mwombe mwenyewe kijiti cha asumini chenye urefu wa shibiri moja. Kata chini ya kifundo, ondoa majani ya chini, kichomeke kwenye mchanga wenye unyevu, ukiweke kivulini hadi kitoe mizizi. Andika kwenye kopo kimetoka nyumba gani. Mrehani wapandwa kwa mbegu tu. Jirani akipata mche, anapata na habari ya ua ulikotoka.

Tahadhari

Usisambaze picha inayoonyesha kwamba nyumba fulani haina mtu, wala mahali ilipo. Milango ya nakshi ina wanunuzi, na wezi wanajua hivyo. Turathi zinalindwa na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya 2006, lakini mlinzi wa kwanza ni jirani. Pia usitoe siri za watu. Mzee akisema “hili liache”, liache.

Zoezi la wiki hii

Chagua nyumba moja mtaani kwenu iliyofungwa. Andika ukurasa mmoja: jina ambalo mtaa unaiita, mambo matatu uliyoyaona kwa nje, mambo matatu uliyoambiwa na mzee, na mti mmoja wa uani. Taja nani alikwambia, ikiwa ameridhia, na tarehe. Toa nakala mbili. Moja mpe mzee mwenyewe, nyingine mpe mwalimu wa shule iliyo karibu.

Siku mlango utakapofunguliwa, utaingia ukijua pa kutazama. Na usipofunguliwa tena, wajukuu watakuwa na cha kusoma, na mwasumini wa kunusa.