Menyu Kunjuzi na Hodi: Namna ya Kumpeleka Msomaji kwenye Ukurasa Mwingine



Katika somo hili tunajifunza jambo dogo la utengenezaji wa kurasa za wavuti: namna ya kumwezesha mtu kuchagua jina katika menyu kunjuzi, kisha apelekwe kwenye ukurasa wa jina hilo. Menyu kunjuzi ni kile kisanduku chenye kishale pembeni. Ukikigusa, orodha inakunjuka, unachagua, orodha inajikunja tena. Wengi mmeitumia mkichagua mkoa au wilaya katika fomu za mtandaoni.

Tumechagua somo hili kwa sababu sisi wenyewe tulilikosea, na aliyetusahihisha hakuwa mwalimu wa kompyuta.

Tulivyokosea

Tulikuwa tunafanya mazoezi ya kutengeneza ukurasa wa ratiba za vigango. Tuliweka menyu yenye majina ya sehemu za mwambao huu wetu, kwa mpangilio wa alfabeti: Bagamoyo, Kerege, Kiromo, Mapinga, Zinga. Mtu akichagua jina, ukurasa wa sehemu hiyo unafunguka papo hapo. Tuliujaribu kwenye simu zetu, ukafanya kazi vizuri, tukafurahi.

Siku moja tulimkaribisha mzee mmoja katekista aujaribu kwenye kompyuta. Kipanya cha kompyuta ile kilikuwa kibovu, hivyo tukamwonyesha namna ya kutumia kibodi. Yeye alitaka Zinga, jina la mwisho. Akabonyeza kishale cha chini mara moja ili aanze kushuka katika orodha. Ukurasa wa Bagamoyo ukafunguka! Tukamrudisha mwanzo, akabonyeza tena. Bagamoyo. Mara ya tatu, Bagamoyo. Akaondoa mikono kwenye kibodi, akacheka, akatuambia: "Mafrateri, mlango wenu una haraka. Sijapiga hodi, mmeshanivuta ndani. Tena nyumba yenyewe siyo."

Tulicheka naye, lakini baadaye tulijiuliza: mtu asiyekuwa na sisi pembeni angefanyaje? Angeamini kwamba kompyuta haimtaki, au kwamba yeye ndiye asiyejua. Kosa lilikuwa letu.

Menyu inavyofanya kazi

Kurasa za wavuti huandikwa kwa lugha ya HTML. Wazo la wavuti lilitolewa na Tim Berners-Lee mwaka 1989, alipokuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN, Uswisi. Fomu za kujaza, pamoja na menyu za kuchagua, zimo katika HTML 2.0, iliyotolewa rasmi mwaka 1995. Mwaka huohuo ilitangazwa lugha ya JavaScript, ambayo huupa ukurasa uwezo wa kutenda jambo pale mtumiaji anapogusa au kubadili kitu.

Menyu yenyewe huandikwa kwa alama ya `select`, na kila chaguo kwa alama ya `option`. Kila chaguo lina sehemu mbili: maneno anayoyaona msomaji, na thamani ambayo kivinjari huitunza ndani, yaani `value`. Msomaji anaona "Zinga". Kivinjari kinatunza `zinga.html`, ambayo ndiyo anwani ya ukurasa.

Menyu peke yake haimpeleki mtu popote. Inatunza tu alichochagua. Ili asafiri, lazima tuamue ni *wakati gani* safari ianze. Uamuzi huo ndio kiini cha somo letu.

Njia ya haraka

Njia tuliyoitumia sisi, ambayo utaikuta katika kurasa nyingi, ni hii:

```
<select onchange="window.location.href = this.value">
  <option value="">Chagua kigango</option>
  <option value="bagamoyo.html">Bagamoyo</option>
  <option value="kerege.html">Kerege</option>
  <option value="mapinga.html">Mapinga</option>
  <option value="zinga.html">Zinga</option>
</select>
```

Neno `onchange` maana yake ni: thamani ya menyu inapobadilika, fanya kinachofuata. Kinachofuata ni `window.location.href`, yaani anwani ya ukurasa uliofunguliwa. Ukiipa anwani mpya, kivinjari kinakwenda huko. Na `this.value` ni thamani ya chaguo lililopo sasa katika menyu.

Ni mstari mmoja tu, nao unafanya kazi. Lakini una kasoro nne.

Kwanza, mtumiaji wa kibodi. Katika vivinjari vingi vya Windows, ukibonyeza kishale cha chini wakati menyu imejikunja, thamani hubadilika hapohapo. Menyu inadhani umeamua, kumbe unapita tu. Ndiyo yaliyompata katekista wetu. Wapo wanaojua kuifungua menyu kwanza kwa kubonyeza Alt pamoja na kishale, lakini si haki kumdai kila mgeni ujuzi huo. Tena shida hii ni kubwa zaidi kwa wasioona, ambao hutumia kibodi pamoja na programu za kusoma skrini kama NVDA. Wao huijua orodha kwa kuisikiliza jina baada ya jina; wakitupwa nje kwenye jina la kwanza, orodha nzima wameikosa.

Pili, kidole kinachoteleza. Kwenye simu ndogo ni rahisi kugusa Mapinga ukitaka Zinga. Kwa njia hii hakuna nafasi ya kujirekebisha: ukurasa usio wako unaanza kufunguka na bando linaliwa.

Tatu, kurudia chaguo lilelile. Mtu akifungua ukurasa wa Zinga kisha akarudi nyuma, mara nyingi menyu hubaki imeandikwa "Zinga". Akitaka kwenda Zinga tena, akagusa jina hilohilo, hakuna kinachotokea, kwa sababu hakuna kilichobadilika.

Nne, kama JavaScript haikupakuliwa, pengine kwa sababu ya mtandao dhaifu, au kama imezimwa, menyu inabaki pambo.

Kasoro ya kwanza imetajwa hata katika mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa wavuti, WCAG, unaotolewa na shirika la W3C. Kifungu cha 3.2.2 kinataka kwamba kubadili thamani ya kitu katika ukurasa kusisababishe peke yake mtumiaji kuhamishwa mahali, isipokuwa kama ameonywa mapema. Kifungu hicho kimewekwa katika ngazi ya A, yaani ngazi ya chini kabisa, ile ambayo kila ukurasa unatazamiwa kuifikia.

Falsafa inatusaidiaje?

Sisi tunaosoma falsafa tulipaswa kuliona hili mapema. Aristoteli, katika kitabu cha tatu cha *Maadili ya Nikomako*, anafundisha kwamba uchaguzi ni tendo la hiari linalotanguliwa na kushauriana na nafsi. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika *Summa Theologiae*, analifafanua zaidi tendo la utashi: kuna nia, kuna shauri, kuna ridhaa, kuna uchaguzi, na kuna utekelezaji wa kile kilichochaguliwa. Mambo haya hukaribiana sana kiasi kwamba tunayaona kama kitu kimoja, lakini si kitu kimoja.

Tumtazame tena mzee wetu. Alikuwa na nia: kuona ratiba ya Zinga. Kushuka kwa kishale kulikuwa sehemu ya shauri: anatazama yaliyomo. Kusimama kwenye jina la Zinga kungekuwa uchaguzi. Kufungua ukurasa kungekuwa utekelezaji. Mstari wetu mmoja uliyabana yote hayo ukayafanya tendo moja, ukahesabu kutazama kuwa ni kuamua.

Huku pwani tumelelewa tukijua kwamba mgeni hupiga hodi, akasubiri, ndipo aitikiwe karibu. Hodi inampa mwenye nyumba nafasi. Kitufe cha "Nenda" kinafanya kazi kama hodi: ni mgeni mwenyewe anayesema sasa yuko tayari kuingia.

Njia tunayopendekeza

```
<label for="kigango">Chagua kigango:</label>
<select id="kigango">
  <option value="">Bado hujachagua</option>
  <option value="bagamoyo.html">Bagamoyo</option>
  <option value="kerege.html">Kerege</option>
  <option value="mapinga.html">Mapinga</option>
  <option value="zinga.html">Zinga</option>
</select>
<button type="button" id="nenda">Nenda</button>

<script>
var orodha = document.getElementById("kigango");
var kitufe = document.getElementById("nenda");

kitufe.addEventListener("click", function () {
  if (orodha.value !== "") {
    window.location.href = orodha.value;
  }
});
</script>
```

Tueleze hatua kwa hatua. Alama ya `label` inaipa menyu jina, ili programu ya kusoma skrini imtamkie asiyeona kwamba hapa anachagua kigango. Menyu sasa haina `onchange`: mtu anaweza kupanda na kushuka apendavyo. Kitufe cha "Nenda" ndicho kinachosikiliza tendo la kubonyezwa. Kikibonyezwa, JavaScript inauliza kwanza: je, kuna kilichochaguliwa? Kama kipo, safari inaanza. Kama hakipo, msomaji anabaki alipo. Sehemu ya `script` iwekwe chini ya menyu na kitufe, la sivyo itavitafuta kabla havijakuwepo.

Njia hii inaondoa kasoro tatu za kwanza. Ya nne tunaiondoa kwa kuweka menyu ndani ya `form` yenye kitufe cha kutuma. Hapo kivinjari chenyewe hupeleka jina lililochaguliwa kwa seva, na seva hujibu kwa kumwelekeza msomaji kwenye ukurasa husika, bila JavaScript yoyote. Na kama majina ni matano tu, tujiulize kwa unyofu kama menyu inahitajika. Viungo vitano vya kawaida, kimoja chini ya kingine, vinaonekana vyote mara moja na havimshindi mtu.

Tuongeze jambo moja. Badala ya `window.location.href` unaweza kukuta `window.location.replace`. Hiyo nayo humpeleka mtu, lakini hufuta ukurasa alikotoka katika kumbukumbu ya safari, kiasi kwamba akibonyeza "rudi" haurudii. Kwa menyu ya namna hii tusiitumie. Aliyekosea njia awe na njia ya kurudi.

Tahadhari: mlango usifunguke popote

Ukitumia seva, usiiruhusu ikubali anwani yoyote inayoletwa. Tuseme kiungo cha tovuti ya parokia kinaishia na `nenda?ukurasa=` na baada yake anwani kamili. Tapeli anaweza kuweka hapo anwani ya tovuti yake, kisha akausambaza ujumbe katika kundi la WhatsApp la jumuiya akidai ni mchango wa ujenzi. Waamini wataona jina la parokia mwanzoni mwa kiungo, wataliamini, na kumbe wanapelekwa kwingine kutoa fedha zao.

Dawa yake ni rahisi. Menyu ilete jina fupi tu, kama `zinga`. Seva iwe na orodha yake ya majina na kurasa zake. Jina likiwemo, ifungue; lisipokuwemo, imrudishe msomaji mwanzo.

Kurasa zinapohama

Kuna uelekezaji mwingine ambao msomaji hachagui kitu: ukurasa umehama, na seva inampeleka kwenye anwani mpya. Kwetu jambo hili si nadharia. Mwaka 2025 Baba Mtakatifu Fransisko aliunda Jimbo la Bagamoyo kwa kumega maeneo ya Jimbo Kuu la Dar es Salaam na Jimbo la Morogoro. Parokia inapohamia jimbo jingine, huenda na kurasa zake zikahamia tovuti nyingine, lakini watu bado wanavyo viungo vya zamani katika simu zao. Seva ikijibu kwa namba 301, inasema: tumehama moja kwa moja. Ikijibu kwa 302, inasema: kwa sasa pitia kule, anwani hii bado ipo. Ukikosea ukatumia 301 kwa uhamisho wa muda, vivinjari vinaweza kuendelea kukumbuka njia ile hata baada ya wewe kuibadili.

Maswali ya kujadiliana

1. Fungua ukurasa wowote wenye menyu kunjuzi ukitumia kibodi pekee: Tab, vishale na Enter. Je, unafika unakotaka?
2. Andika upya mfano wa pili kwa majina ya jumuiya ndogondogo za parokia yako. Mpe mtu mzima asiyezoea kompyuta aujaribu, nawe ukae kimya umtazame.
3. Ni wapi pengine, nje ya kompyuta, ambapo tunahesabu kutazama kwa mtu kuwa ni kuamua kwake?

Sisi tuliurekebisha ukurasa wetu, tukamwomba mzee arudi. Kipanya kilikuwa bado kibovu. Akashuka kwa kishale polepole, akisoma kila jina kwa sauti, hadi Zinga. Akasimama. Akabonyeza Tab, kisha Enter kwenye "Nenda". Ratiba ilipofunguka, alisema neno moja tu: "Karibu."