Watu Thelathini katika Laini Moja ya Simu

Safari hii nataka kuwaelezeni habari za laini ya simu iitwayo E1. Kazi yangu ni kufunga na kutunza simu za maofisi, na vijana wanaokuja kwetu kujifunza kazi, laini hii ndiyo inayowasumbua kuliko zote.

Yafaa kwanza mjue jinsi watu 30 wanavyoweza kusema kwa mara moja katika laini moja bila kuchanganyikana. Mwaka 1938 Mwingereza mmoja, Alec Reeves, aliyekuwa akifanya kazi mjini Paris, aliandikisha uvumbuzi wake wa kuigeuza sauti kuwa hesabu. Mashine huipima sauti mara 8,000 katika kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa tarakimu 8 za sifuri na moja, ziitwazo biti. Basi sauti ya mtu mmoja ni biti 64,000 kwa sekunde. Laini ya E1 hupitisha biti 2,048,000. Gawanyeni wenyewe, mtapata nafasi 32, nazo huhesabiwa tangu 0 hata 31. Nafasi ya 0 huonyesha mwanzo wa kila safu ya biti, na ya 16 hupeleka habari za simu zenyewe: nani anapiga, anamtaka nani, nani amekata. Zilizobaki, 30, ni za mazungumzo. Wamarekani wanayo laini yao, T1, yenye nafasi 24, iliyoanza kutumika mwaka 1962. Lakini huku kwetu desturi ni E1.

Ofisini laini hii huingia katika ruta. Kama ni ya Cisco, utaiambia aina ya mtambo wa kampuni ya simu, na nafasi za kutumia, 1 mpaka 31, na kanuni za laini, yaani HDB3 na CRC4 kama kampuni inazitumia. Hapo hapana shida: uliza, andika, basi. (Ruta itaiita nafasi ya 16 kwa jina la 15, maana yenyewe huanza kuhesabu na sifuri. Usishtuke.)

Shida ni saa. Sisemi saa ya ukutani, nasema mapigo yanayoiambia mashine lini itoe biti na lini ipokee. Fikirini watu wawili wanaopokezana matofali. Yule atoaye akiwa mwepesi kidogo kuliko apokeaye, matofali yatalundikana mikononi mwa mwenziwe, na mwisho moja litaanguka. Hali kadhalika hapa. Saa mbili zikipitana kwa sehemu 50 tu katika milioni, basi katika safu 8,000 za kila sekunde, itapotea safu 24 kwa kila dakika. Huko ndiko kuteleza.

Hila yake ni kwamba masikio hayatambui. Mtu akisema na simu husikia labda mlio mdogo tu, akaendelea. Lakini faksi haisamehe. Niliitwa katika ghala moja la dawa ambako maagizo yalikuwa yakikatika katikati ya ukurasa, na wenyewe walikwisha nunua mashine mpya ya faksi mara mbili! Mashine zilikuwa nzima. Aliyeifunga ruta aliiacha ifuate saa yake yenyewe, badala ya saa ya kampuni ya simu.

Na kuiambia laini ifuate saa ya kampuni hakutoshi. Ndani ya ruta kuna saa nyingine, inayoongoza vile vidude vya kushughulikia sauti, nayo katika ruta nyingi za namna hii haitafuata mpaka uiamuru kwa amri ya peke yake. Vijana wengi huandika amri ya kwanza, wakaisahau ya pili. Kama ofisi ina laini za kampuni mbili, chagua moja iwe kiongozi, ya pili iwe akiba.

Ukiisha, fungua hesabu za laini. Ruta huziandika kwa vipindi vya robo saa. Namba ya kuteleza ikikaa 0 kwa kipindi kizima, huku simu zinapigwa, peleka faksi ya kurasa kumi, usubiri ukurasa wa mwisho.