Damu kwenye chuchu: picha haimalizi kesi

Barua za wasomaji wa Kadutu, Bagira na Ibanda zimerudia neno moja: papiloma, yaani kinundu kinachoota ndani ya mrija wa maziwa. Mtaalamu wa patholojia mjini Bukavu amejibu zile zilizomsumbua zaidi.

Chuchu moja inatoa damu. Jirani anasema nimerogwa.

Hujarogwa. Nenda hospitali wiki hii.

Nikienda Panzi, si watu watadhani nimebakwa?

Swali hili linamuumiza daktari. Hospitali ya Panzi, aliyoianzisha Denis Mukwege mwaka 1999, ni hospitali ya rufaa na hutibu maradhi mengi, si waliobakwa tu. Aliyebakwa naye hana la kuonea aibu.

Ekografia imeonyesha kinundu ndani ya mrija wa maziwa. Ni kansa? (Barua nne)

Picha haiwezi kujibu, na daktari amechoka kuona akina mama wakilizwa au kutulizwa kwa picha peke yake. Ekografia huonyesha mrija uliopanuka, kinundu ndani yake, pengine na mshipa unaokilisha damu. Inaishia hapo. Papiloma isiyo kansa na kansa ya papilari hufanana: zote ni vijidole vilivyoota juu ya bua lenye mishipa.

Kinachozitenganisha huonekana kwa hadubini. Ni safu ya seli za mioepithelia, ambazo rangi ya maabara ya p63 huzidhihirisha. Kwenye papiloma, safu hiyo imetandazwa ndani ya vijidole. Kwenye kansa ya papilari ambayo bado imo mrijani, vijidole havina safu hiyo, ila ukuta wa mrija unayo. Kwenye kansa ya papilari iliyozingirwa na ganda, kwa kawaida hata ukingoni haipo. Kansa hiyo huwapata zaidi waliokoma hedhi, na wengi hupona ikikatwa yote.

Tena papiloma yenyewe huweza kuficha seli zenye kasoro. Kwa uainishaji wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019, seli hizo za daraja la chini zikienea milimita 3 au zaidi, huhesabiwa kansa changa ya mrija. Ndiyo maana sindano nyembamba, inayonyonya seli zilizotawanyika, haitoshi. Inatakiwa sindano nene inayotoa kipande, na mara nyingine kinundu kizima kikatwe.

Sindano haitaamsha kansa?

Haigeuzi uvimbe salama kuwa kansa. Kinachoua ni miezi ya kupaka majani ya mganga.

Ni mume wangu anayetoa damu.

Naye aje. Wanaume wana mirija pia.

Nilipewa kipande changu ndani ya maji nikipeleke maabara.

Hapa daktari hakuficha hasira. Ndani ya maji seli huharibika, na mgonjwa hulazimika kukatwa tena. Kipande kiingie kwenye formoli, dawa ya kukihifadhi, ya asilimia 10 ndani ya saa moja, formoli iwe mara 10 ya ujazo wake, kikae humo saa 6 hadi 72. Anayeleta kipande kutoka Walungu au Kabare aulize kabla ya kuondoka: chupa ina formoli? Karatasi imeandikwa ni titi lipi, na kinundu kilikuwa upande gani?